Vidonge vya Chaki na Jina la Mtoto

Sogeeni karibu. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye simu aizime, maana hadithi hii nikishaianza sipendi kukatizwa. Leo simleti sungura wala fisi. Naleta watu watatu wa kijiji cha Kasyeto, kwenye bonde la kakao, mpunga na mbu, pamoja na mama mmoja aliyelazimika kuchagua kati yao. Mwisho nitawataka mseme, na msije mkaniambia eti wote watatu ni wazuri. Hilo hata mimi nalijua.

Wa kwanza, mzee Asajile, alijaliwa jicho. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mkaguzi wa kakao kwenye chama cha ushirika. Mkulima alileta gunia, yeye akachota punje chache, akazipasua kwa kisu chake kidogo na kutazama ndani. Ganda ling'ae vipi, halikumshughulisha. Wakulima walimsema sana nyuma ya mgongo, lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba alikosea.

Wa pili, Subilaga, muuguzi wa zahanati, alijaliwa subira ya kupima. Watu wengine wakisikia jambo huamini, wengine hukataa. Yeye alisema, "Ngoja tuone," akaenda kutafuta bilauri. Hata pilau ya harusi aliionja mara mbili kabla ya kukubali kwamba imeiva, na wapishi walimchukia kwa hilo.

Wa tatu, Lwitiko, mwenye duka la dawa la pekee pale kijijini, alijaliwa mdomo na miguu. Kwa mdomo angeweza kumuuzia mtu mwavuli wakati wa kiangazi. Kwa miguu alikuwa akienda mjini na kurudi kabla wewe hujamaliza kuaga.

Na mama mwenyewe ni Sekela, mkwe wa mzee Asajile, yaani mke wa mwanawe. Alikuwa na mtoto mmoja, Lugano, wa umri ule wa kuuliza maswali hadi ujifiche chini ya kitanda, na mwingine tumboni. Mumewe alikuwa ameenda kufanya kibarua ng'ambo ya mto Lwasi, na mvua za masika zilipolisomba daraja, akakwama huko huko.

Kabla hatujaenda mbali, lazima mjue desturi moja ya ukoo wao. Mwanamke aliyeolewa hakutazamana na baba mkwe wake, wala hakulitamka jina lake. Mzee akitaka kupita uani, alikohoa kwanza, na Sekela akajificha nyuma ya jiko hadi apite. Mzee akiwa na neno la kumwambia Sekela, alimtuma dada yake, shangazi Tupokigwe. Waliishi hivyo tangu Sekela aolewe, nyumba mbili zikitenganishwa na mstari wa migomba, na wote wawili waliona hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Basi Lugano akaugua. Homa ikapanda, macho yakalegea. Sekela akambeba hadi zahanati, Subilaga akamtoboa kidole, akaliweka tone la damu kwenye kipimo, kikasema malaria. Dawa yake inajulikana na kila mtu, ni mseto, vile vidonge vya njano. Lakini mseto wa zahanati ulikuwa umekwisha, na mwingine usingeweza kuvuka mto usio na daraja. Subilaga akamwelekeza dukani kwa Lwitiko. Lwitiko akampa pakiti na maneno mazuri, Sekela akarudi nyumbani na kumpa mtoto dawa vile alivyoelekezwa, bila kukosea hata mara moja.

Mtoto hakupona. Kesho yake alikuwa hoi zaidi. Sekela akarudi zahanati, akamkuta Subilaga mwenyewe amejifunika shuka mezani, anatetemeka, maana naye malaria ilikuwa imempata. Subilaga akamgusa mtoto paji la uso, akamwambia maneno ambayo muuguzi yeyote angemwambia: "Usikatishe, mama. Malizia dozi." Sekela akaenda kuendelea na dozi.

Asubuhi iliyofuata Lugano hakuweza tena kukaa. Kichwa kilikuwa kikianguka huku na huku, na maji aliyopewa yalimtoka pembeni mwa mdomo. Shangazi Tupokigwe akaja na kanga mbili.

"Mwanangu, dawa ya hospitali umempa," alisema. "Imekataa. Dawa ikikataa, ugonjwa si wa hospitali. Nifungie mtoto mgongoni, nimpandishe milimani kwa mganga."

Milimani kulikuwa mbali, tena kwa njia ya utelezi. Sekela alijua moyoni kwamba mtoto yule asingefika. Alijua pia kwamba hana jingine la kumfanyia, na hapo ndipo hofu ilipomzidi nguvu. Akaweka mkono juu ya tumbo lake, mbele ya shangazi na jirani waliokuwa wamekuja kumpa pole, akasema, "Atakayenirudishia mwanangu, huyu aliyemo humu atabeba jina lake. Nimesema."

Jirani waliyashika maneno yale. Kule Kasyeto mtoto akipewa jina la mtu, basi huyo amekuwa wajina wake. Wajina ndiye anayempakata siku ya kutolewa nje, ndiye anayempa mche wake wa kwanza wa kakao, na akifa, mtoto ndiye anayesimama mbele ya kaburi kabla hata ya wanawe wa kuwazaa. Na wajina ni mmoja tu. Ahadi ya namna ile, aliyoitoa mama huku ameshika tumbo, hairudishwi.

Shangazi akaanza kukunja kanga. Sekela, kwa vile aliambiwa amalizie dozi, akasaga kidonge kimoja kwenye kijiko ili ampe kabla ya safari. Kijiko kilikuwa kimeshafika mdomoni aliposikia sauti mlangoni.

"Sekela, usimpe."

Hakukuwa na kikohozi. Mzee Asajile alikuwa amesimama pale kizingitini, anamtazama usoni, na jina la Sekela lilikuwa limetoka katika mdomo wa mzee kwa mara ya kwanza. Kijiko kikamponyoka. Mkono wake ulikwenda wenyewe kuvuta kanga afunike uso, na shangazi Tupokigwe akapiga yowe kana kwamba ameona nyoka.

"Kaka! Una wazimu?"

"Nyamaza, Tupokigwe. Nilikutuma ukafanya ulivyofanya. Leo nimekuja mwenyewe." Kisha akamgeukia Sekela, akanyoosha mkono. "Nipe pakiti, mwanangu."

Akaishika pakiti kwenye mwanga wa mlango. Alimwonyesha vumbi la njano lililotuama ndani ya vijumba vya plastiki, kwa sababu vidonge vilikuwa vikimomonyoka vyenyewe. Akalamba kidole gumba na kupangusa tarehe ya mwisho wa kutumika, nayo ikatoka kama wino wa mtoto wa shule. Akatoa kisu chake cha kakao, akaweka kidonge juu ya kizingiti na kukipasua. Kwa nje kilikuwa cha njano. Ndani kilikuwa cheupe.

"Mseto nimeumeza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka," alisema. "Ni wa njano hadi katikati. Hiki kimepakwa rangi."

Sekela alitazama kile kidonge kilichopasuka, akatazama kidole chake mwenyewe kilichokuwa na unga wake. Ni yeye aliyesaga. Ni yeye aliyembembeleza Lugano ameze, akamwahidi sukari. Alitamani kukikata kidole kile.

"Umejua lini, baba?" aliuliza.

Mzee akainamisha kichwa. Alikuwa amejua tangu siku ya kwanza. Lugano, kabla hajalegea kabisa, alimpelekea babu yake ile pakiti akitaka waifanye gari la kuchezea. Mzee aliiona, akaitilia shaka, akamtuma Tupokigwe amwambie mkwe wake kwamba yeye haiamini dawa ile. Tupokigwe alifika na kusema tu, "Baba yako anakusalimu, anamwombea mtoto." Aliona si vizuri kumshtua mjamzito kwa maneno ya mzee anayetilia shaka kila kitu. Na mzee, kwa kuwa alishatuma ujumbe, akaketi upande wake wa migomba akidhani umefika, hadi asubuhi ile alipowasikia jirani wakisema mtoto bado anapewa vidonge vile vile.

Sasa twende zahanati, maana jicho lilikuwa limesema, lakini jicho la mzee halimzuii shangazi. Tupokigwe alifuata nyuma na kanga zake mkononi. "Rangi ya kidonge nayo ni hoja?" alisema njia nzima. "Kiwanda kikibadilisha rangi watakuja kumwomba ruhusa yeye?"

Subilaga alikuwa amejilaza kwenye benchi la wagonjwa. Mbele yake kulikuwa na vidonge vinne, dozi yake ya mwisho ya mseto alioanza kuumeza kabla Lugano hajaugua, ule wa mwisho uliokuwa umebaki zahanati. Alikuwa akisubiri chai ipoe anywe navyo. Alimsikiliza mzee hadi mwisho, akasema lile neno lake: "Ngoja tuone."

Akachukua kidonge kimoja katika vyake vinne, na kimoja cha dukani, akaviweka kwenye kisosi kimoja. Akavikata nusu nusu. Nusu hii ya kila kimoja akaitia kwenye bilauri yake ya maji ya uvuguvugu, akawa anakoroga polepole, mkono wa kulia kwa zamu na mkono wa kushoto, meno yakimgongana kwa homa. Kile cha zahanati kikameguka, kikasambaa, kikawa tope la njano. Kile cha dukani kikakaa chini kama kokoto. Rangi yake tu ndiyo iliyotoka, ikaelea peke yake.

Nusu zilizobaki akazisaga, kila moja upande wake. Akadondoshea tone la ayodini, ile ya kusafishia vidonda. Unga wa zahanati ukabaki na rangi ya ayodini yenyewe. Unga wa dukani ukageuka bluu iliyoiva hadi nyeusi, kama vile ungeidondoshea kwenye unga wa muhogo. Akakamua ndimu kwenye chembe zilizobaki pembeni. Upande mmoja kimya, upande wa pili povu.

"Wanga na chaki!" alisema shangazi Tupokigwe, na kanga zikamwanguka.

"Taratibu, shangazi. Dawa nzuri nyingine nazo hutiwa wanga kidogo, au chokaa. Ningepima hiki peke yake ningeweza kumsingizia mtu. Ndani mna nini hasa, hilo ni la maabara kubwa. Mimi naona kitu kimoja tu, kwamba hivi viwili si ndugu." Kisha akamgeukia Sekela, akamshika bega. "Sikiliza. Huyu si mtoto aliyeshindwa na dawa. Ni mtoto ambaye hajapewa dawa bado. Na mimi jana nilikwambia uendelee. Nisamehe."

Safari ya milimani ikafia pale pale. Vidonge vitatu vilivyobaki katika dozi yake mwenyewe, Subilaga hakuvitazama mara mbili. Akasaga viwili akamnywesha Lugano. Mtoto akatapika. Akasaga cha tatu. Kikarudi nacho. Sasa hakuna kidonge kilichobaki, si cha mtoto wala cha muuguzi.

"Anahitaji sindano," alisema Subilaga. "Na sindano iko hospitali ya wilaya, ng'ambo."

Duka la Lwitiko lilitazamana na zahanati, barabara katikati. Alikuwa amesikia kelele, akaja mwenyewe akipangusa mikono, tabasamu la biashara usoni. Subilaga alimsogezea kisosi na zile bilauri mbili.

Sekela alimwona akitazama. Aliona lile tabasamu likiondoka kidogo kidogo. Hapo Lwitiko angeweza kusema mengi. Angeweza kusema vidonge vimelowa mvua, au kwamba mama hakuvihifadhi vizuri, na kwa mdomo ule nusu ya kijiji ingemwamini. Akatia kidole kwenye bilauri, akaigusa ile kokoto.

"Kuna mchuuzi alipita na begi, siku chache kabla ya daraja kwenda," alisema hatimaye. "Aliniuzia rahisi. Nilimwuliza risiti, akacheka." Akakirudisha kisosi. "Nami nikacheka."

Akarudi dukani, akatoa boksi zima nje na kulimwaga barabarani, kwenye tope. Akapanda juu ya kreti la soda, akapaza sauti hadi watu wakatoka mashambani. Aliwataja kwa majina wote aliowauzia, akawaambia warudishe kila kilichobaki, na kwamba walichokimeza hakikuwa dawa. Sekela aliyasikia yote yale kupitia dirishani, mtoto mapajani. Kisha alimwona Lwitiko anavua viatu, anakimbia kuelekea mtoni.

Daraja lilikuwa limebakiza waya mmoja, ulionyooshwa juu ya maji mekundu. Walioshuhudia wanasema alijishikiza kwa mikono, maji yakimfika kifuani, na mara mbili walidhani amekwenda. Alivuka. Huko ng'ambo alikwenda hospitali ya wilaya, akaeleza yote bila kuficha lililokuwa lake, akijua wazi kwamba duka lake limefungwa kuanzia saa hiyo.

Zahanati kulikuwa na kusubiri. Lugano akashikwa na degedege, mwili ukakakamaa, macho yakageuka. Subilaga akamlaza ubavu, akampangusa mwili kwa kitambaa chenye maji, huku yeye mwenyewe akiwaka moto. Sekela hakuweza kulia. Alikuwa akihesabu pumzi za mwanawe na kuogopa ile inayofuata isije. Mzee Asajile alisimama nje ya dirisha, amegeuza mgongo kwa heshima, lakini hakuondoka.

Jua lilikuwa bado juu ya mabati Lwitiko aliporudi, amelowa maji, viganja vimechanika, mfuko wa plastiki umefungwa kichwani kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na sindano na mseto wa kweli, wa kutosha wote aliowataja. Subilaga akamdunga Lugano, mkono ukitulia kwa muda ule tu wa kudunga.

Siku iliyofuata Lugano alifungua macho, akaomba ndizi ya kuchoma. Sekela alipiga magoti chini akalia hadi jirani wakaja wakidhani mtoto amefariki.

Mtoto aliyefariki alikuwa mwingine. Aliitwa Kissa, wa mtaa wa juu. Naye alipewa vidonge vile vile, na dawa ya kweli ilipovuka mto, alikuwa ameshakata roho.

Miezi ikapita. Daraja likajengwa, mume wa Sekela akarudi, na Sekela akajifungua salama mtoto wa kiume. Majina ya kule hayachagui mwanamume wala mwanamke, kwa hiyo msitafute njia ya kutorokea hapo. Kitovu kilipodondoka, watu wakaalikwa kumpa mtoto jina. Mzee Asajile, ambaye alishatoa kuku wa kuomba radhi kwa kuvunja mwiko, alikaa nje ya ukuta kama zamani. Alikuwa amerudia kukohoa, ila kikohozi chake siku hizi kilikuwa kirefu kidogo, kama cha mtu mwenye neno.

Sekela akaketi mkekani na mtoto. Ahadi yake ilikuwa haijalipwa tangu masika. Aliapa kwa ajili ya mtu mmoja, wakaja watatu.

Shangazi Tupokigwe akaanza. "Jina ni la kaka yangu. Asingefungua mdomo, ningekuwa nimembeba mtoto milimani, na huko ningemshusha maiti. Tena alivunja mwiko wa maisha yake yote. Nani mwingine amevunja kitu kikubwa hivyo?"

"Alivunja siku ya tatu," alisema mume wa Sekela polepole, maana alikuwa akimsema baba yake mzazi. "Alijua siku ya kwanza. Angevuka migomba siku ile, hata Kissa angekuwepo. Na kingine, shangazi. Mwanangu akiitwa jina la baba, mama yake hataweza kumwita hadi anakufa. Atampigia mluzi? Mimi nasema Subilaga. Baba alishuku, wengi hushuku. Yeye alituonyesha, hata wewe ukanyamaza. Akatoa dawa ya mdomoni mwake, na homa ikamrudia, ikamlaza wiki nzima."

Subilaga alikuwa ameketi karibu na mlango, amekonda bado. "Jina silidai," alisema. "Lakini nikiulizwa kama kipimo kilimponya mtoto, sitasema hapana. Vilevile sitasahau kwamba mama huyu alinijia siku moja kabla, vidonge viko mkononi mwake, nami sikuomba hata kuviona. Bilauri zilikuwepo. Ndimu zilikuwepo."

Basi kila mtu akageuka kumtazama Lwitiko. Duka lake lilikuwa na kufuli la serikali. Alikuwa akilima vibarua kwenye mashamba ya watu, na kijiji kizima kilimwita Chaki, hata watoto. Wengi walitegemea akatae kwa unyenyekevu, watu wapumue.

"Mimi nalitaka," alisema. "Mzee aliona, Subilaga akapima, lakini mtoto hakuponywa kwa kuonwa wala kwa kupimwa. Aliponywa kwa dawa, na dawa niliileta mimi. Nilipokuwa katikati ya mto sikuwa nawaza jina. Jina nalitaka sasa. Hakuna mtu anayeniita kwa jina langu tena. Nikisikia siku moja mama huyu anamwita mwanawe, 'Lwitiko, njoo ule,' nitajua kwamba bado mimi ni mtu."

Kwenye pembe alikuwa amekaa mama yake Kissa. Watu hawakutaka kumtazama, na wote wakamtazama.

"Msiniulize mimi," alisema. "Aliniuzia yeye. Na kaburi alikuja kulichimba yeye, viganja vyake vikiwa bado na vidonda. Sijui mnataka niseme nini."

Hapo kikohozi kikasikika nje, kirefu. Tupokigwe akatoka kumsikiliza kaka yake. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, na safari hii aliufikisha ujumbe kama alivyopewa, neno kwa neno.

"Anasema asipewe yeye. Anataka mama yake aweze kumwita mtoto wake." Akajipangusa macho. "Na mimi naongeza langu. Amesema hivyo huku analia. Hana mjukuu hata mmoja aliyebeba jina lake, na kwa umri wake hatapata mwingine."

Sekela akamtazama mwanawe. Akifuata moyo wake, angechagua jina la mzee aliyevuka migomba na kumtazama usoni, akae maisha yake yote bila kuweza kumwita mwanawe kwa jina. Akifuata akili, angeita jina la Subilaga, ambaye hata hakulidai. Na akifuata maneno yenyewe aliyoyaapa, "atakayenirudishia mwanangu," aliyeingia mlangoni na mfuko kichwani alikuwa Lwitiko, ambaye pia ndiye aliyempeleka mtoto ukingoni mwa kaburi kwa kucheka na mchuuzi. Amwite kila siku kwa jina hilo, huku mama yake Kissa akipita barabarani na kusikia?

"Sema, mwanangu," alisema shangazi. "Mtoto ameanza kulia."

Sekela akafungua mdomo.

Mimi nafunga wangu. Nimewaambia yote ninayoyajua, sikumpendelea mtu, na msinikodolee macho, maana nikiwa peke yangu nalibadilisha jina lile kila ninapolifikiria. Sasa ni zamu yenu, nyinyi mliokuwa mkitikisa vichwa tangu mwanzo. Wewe uliyesema "Subilaga" chinichini, sema kwa sauti. Wewe uliyemlaani Lwitiko, mlaani tena huku unavitazama viganja vyake. Na wewe unayetaka kukaa kimya, kumbuka kuna mzee alikaa kimya siku mbili tu.

Mtoto analia, watu wamekaa, mama ameapa. Mwiteni. Anaitwa nani?